Daraja, viunga vya mji na ekari tatu za michikichi Ilagala

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Ujiji anayefanya biashara ya mawese. Kwa ufupi anasema hivi: marehemu baba yake alimwachia ekari tatu za michikichi upande wa Ilagala, si mbali na kivuko cha Mto Malagarasi. Maneno ya daraja pale kivukoni ameyasikia tangu akiwa binti mdogo. Sasa shemeji yake anayeishi Dar es Salaam ametazama habari za daraja la Golden Gate la San Francisco, akaona jinsi mji ulivyovuka maji na kuzaa viunga vya watu wenye nafasi, akamshauri auze michikichi anunue viwanja ukingoni kabisa mwa mto, "maana daraja likija, mji utaanzia pale." Anauliza: ni kweli daraja hukuza viunga vya mji? Na yeye afanye nini?

Dada yangu, shemeji yako hakudanganya, ila ameshika nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo inayohusu fedha zako. Nimefanya kazi ya mipango miji kwa zaidi ya miaka 20, kwanza Tabora kisha hapa Kigoma, na swali hili nimeulizwa mara nyingi na watu ambao tayari wameshanunua. Nafurahi wewe umeuliza kabla.

Tuanze na hilo daraja lenyewe. Golden Gate lilianza kujengwa Januari 1933, likafunguliwa Mei 1937. Linavuka mlango wa ghuba kutoka San Francisco kwenda wilaya ya Marin iliyo kaskazini, na nafasi kati ya minara yake miwili ni mita 1,280, ambayo siku zile ilikuwa ndefu kuliko ya daraja lolote la kuning'inia duniani. Mwaka 1930 wapiga kura wa wilaya sita waliidhinisha hatifungani (hati za mkopo) za dola milioni 35, na nyumba zao, mashamba yao na biashara zao ndizo zilizosimama kama dhamana. Watu waliweka rehani walichonacho kwa matumaini yale yale aliyonayo shemeji yako.

Sasa tazama hesabu za watu. Mwaka 1930 Marin ilikuwa na wakazi 41,600 hivi. Mwaka 1940, daraja likiwa na miaka mitatu, walikuwa kama 52,900. Nyongeza ya watu 11,000 kwa miaka kumi si haba, lakini si huo mlipuko anaousimulia shemeji. Mlipuko ulikuja baadaye: karibu 85,600 mwaka 1950, karibu 146,800 mwaka 1960, na zaidi ya 200,000 mwaka 1970. Aliyenunua kiwanja mwaka 1937 akitegemea kukiuza kwa faida mwakani alikaa nacho muda mrefu.

Kwa nini palikawia? Kwa sababu daraja ni njia tu, na njia haimpi mtu kazi wala mkopo wa nyumba. Miaka ya 1930 Marekani ilikuwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi. Wengi hawakuwa na uwezo wa kujenga. Kisha ikaja vita. Mwaka 1942 kikajengwa kiwanda cha meli Sausalito, upande wa Marin, kikaleta maelfu ya wafanyakazi, na makazi mapya yanayoitwa Marin City yakaanzishwa kwa ajili yao. Baada ya vita, serikali ikawadhamini askari waliorudi wapate mikopo ya nyumba, magari yakaenea, na barabara kuu namba 101 inayopita juu ya daraja ikapanuliwa kuwa barabara ya mwendo kasi. Mambo hayo yalipokutana, ndipo malisho ya ng'ombe wa maziwa kule Terra Linda na Novato yakageuka mitaa ya nyumba.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, na mimi nalipenda kuliko yote: viunga vya Marin vilikuwapo kabla ya daraja. Watu walikuwa wakilala Mill Valley, San Anselmo na San Rafael na kufanya kazi San Francisco tangu karne ya 19, na baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1906 wengine wengi wakahamia huko. Walipanda treni hadi bandarini Sausalito, wakaingia kwenye kivuko, saa mbili asubuhi wako ofisini. Nyumba zilijibana karibu na stesheni kwa sababu mtu alitembea kwa miguu kutoka kwenye treni hadi kwake. Daraja lilikuta desturi ya kwenda na kurudi kila siku imeshazoeleka, likaibadilisha umbo tu: badala ya mji kujikusanya kwenye stesheni, ukatapakaa popote gari linapofika. Mwaka 1941 zile treni na vivuko vyake vikafa.

Halafu angalia kilichotokea. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1960, foleni ya asubuhi kwenye daraja ilikuwa kero ya kila siku. Mwaka 1970 mamlaka ile ile ya daraja, iliyoishi kwa tozo za magari, ikaanzisha upya kivuko cha Sausalito, na mwaka 1972 ikaongeza mabasi. Miaka 30 hivi baada ya vivuko kuuawa, daraja lenyewe likalazimika kuvifufua. Watu wetu wanaotamani pantoni zote za nchi hii ziondoke siku daraja linapofunguliwa wangeitazama habari hiyo kwa makini.

Sasa nakuja kwenye neno la shemeji lililonitia wasiwasi: "ukingoni kabisa mwa mto."

Ukitoka San Francisco ukavuka Golden Gate, ukimaliza tu daraja huoni mji. Unaona kilima kikubwa chenye majani, na pepo za bahari zinakipiga. Ardhi iliyo karibu kuliko yote na daraja hadi leo haina mtaa. Sehemu kubwa ilikuwa ya jeshi, na pale ambapo katikati ya miaka ya 1960 wawekezaji walitaka kujenga mji mpya wa Marincello kwa watu hadi 30,000, wananchi walipinga, mradi ukafa, na mwaka 1972 eneo lile likaingizwa kwenye hifadhi ya taifa. Na Sausalito, mji uliokuwa mlango wa Marin enzi za vivuko? Barabara ya daraja iliupita kwa juu, ikakata kilimani kupitia kwenye handaki. Aliyenunua duka jirani na gati ya Sausalito akisema "daraja likija, wateja wataongezeka" aliona magari yanampita kilimani bila kushuka.

Hilo halikutokea Marekani peke yake. Dar es Salaam kivuko kinavuka kutoka Magogoni, pale Feri, kwenda Kigamboni. Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016, halikujengwa Feri. Limejengwa Kurasini kwenda Vijibweni, upande huo huo wa Kigamboni. Sababu ni ya kihandisi, na ukiielewa itakuokoa: kivuko kinatafuta ukingo wenye mteremko mpole ili magari yashuke hadi majini, lakini daraja linatafuta ardhi ngumu ya kubeba nguzo, mahali mto ulipojibana, na njia iliyonyooka ya kuingilia. Mara nyingi hizo ni sehemu mbili tofauti. Malagarasi unapokaribia Ziwa Tanganyika unatambaa kwenye tambarare ya matope na matete. Mhandisi akipewa kazi ile atachimba sampuli za udongo juu na chini ya mto kabla hajasema daraja likae wapi. Shemeji anataka ununue mahali pa kivuko akidhani ananunua mahali pa daraja.

Hata kama likijengwa pale pale, bado kuna tuta. Daraja la mto unaofurika huinuliwa, na barabara ya kuliingia hupandishwa kwa tuta la udongo pande zote mbili. Viwanja vilivyo ukingoni hubaki chini ya tuta, malori yanapita juu ya paa zao, na dereva hana pa kuegesha. Soko huota mbele zaidi, pale tuta linapokwisha na gari linaweza kuchepuka bila shida. Nenda kwenye daraja lolote kubwa ulijualo ukaangalie mama lishe wa kwanza ameweka jiko lake wapi.

Na sheria iko hapo pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Chukua kamba upime mita 60 kutoka majini, kisha mita 30 kutoka katikati ya barabara, uone kama kile kiwanja cha dalali kimebakiwa na hatua ngapi. Halafu ukumbuke mwaka 2020 na 2021, Ziwa Tanganyika lilivyopanda likawafuata watu majumbani mwambao huu wetu. Mdomo wa Malagarasi na ziwa ni maji yale yale.

Niliwahi kuliona jambo hili kwa macho yangu na linaniuma hadi leo. Katika mji mmoja, jina nalihifadhi, tulichora ramani ya eneo la makutano ya barabara kabla lami haijafika. Wapimaji wakasimika bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, tukaacha hifadhi ya barabara na eneo la soko. Tuliporudi baada ya miaka michache, bikoni kadhaa zilikuwa zimegeuzwa mafiga. Palikuwa na nyumba, kioski, mashine ya kusaga na msikiti mdogo, na ofisi iliyotakiwa kulinda eneo ilikuwa imekaa kimya muda wote. Kisha siku moja ukutani ikaja alama ya X nyekundu. Mzee mmoja alinionyesha karatasi yake ya mauziano, imekunjwa mara nne, ina mihuri miwili na sahihi za mashahidi, akaniuliza inakuwaje iwe haina thamani. Sikuwa na jibu la kumtosha. Karatasi ilikuwa halali kati yake na aliyemuuzia. Aliyemuuzia ndiye hakuwa na haki ya kuuza hifadhi ya barabara.

Turudi Kigamboni kidogo, kwa sababu ndiyo Marin yetu. Shemeji akiwa Dar anaona nyumba za Kibada na kusema daraja limezileta. Lakini Kibada, Gezaulole na Mwongozo zilipimwa kwenye mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, zaidi ya miaka kumi kabla ya daraja. Palikuwa na barabara zilizochorwa na viwanja vyenye namba. Daraja lilipofunguliwa, mwenye kiwanja alikuwa na hati na kitu cha kujengea. Kwingineko ndani ya Kigamboni hiyo hiyo, watu walikaa miaka wakizuiwa kuendeleza maeneo yao kwa sababu ya mpango wa mji mpya uliotangazwa mwaka 2008. Maji ni yale yale, daraja ni lile lile, lakini waliopimiwa mapema na waliowekwa kwenye kusubiri hawakuvuna sawa.

Kule Marin waliokuwa na kauli juu ya mji ukue hadi wapi walikuwa ni watu wa maji ya bomba. Mwaka 1971 wapiga kura walikataa kugharamia bomba la kuleta maji kutoka mto wa mbali, na mwaka 1973 mamlaka ya maji ikasimamisha maunganisho mapya. Daraja likabaki lile lile, lakini ukuaji ukapunguzwa kasi. Ndiyo maana kutoka watu zaidi ya 200,000 mwaka 1970, wilaya ile ilifika 262,000 hivi tu mwaka 2020. Ukienda kuangalia kiwanja popote, kabla hujauliza daraja liko wapi, uliza bomba liko wapi.

Sasa Kigoma yetu. Kiunga cha mji ni mahali ambapo mtu analala akaenda kazini mjini akarudi siku hiyo hiyo, kesho tena, mwaka mzima. Kwa kipimo hicho, viunga vya Kigoma vinakua bila daraja la kutajika: Gungu inajaa, na Mwandiga, pale barabara ya Manyovu inapoachana na ya Kasulu, pamekuwa mji kwa sababu ya makutano na lami. Daraja la Kikwete kwenye Malagarasi, lililojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, ni kazi kubwa ambayo mtu wa Tabora na wa Kigoma tunaishukuru kila masika, lakini liko mbali mno na Kigoma mjini kwa mtu wa kwenda na kurudi kila siku. Lile ni daraja la kuunganisha mikoa. Linasaidia malori, mabasi na bei ya saruji. Halizai kiunga cha Kigoma. Kinachoweza kunufaika ni miji midogo iliyo njiani kama Nguruka na Uvinza, ambayo reli ya kati iliifikia zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Ilagala si kiunga cha mji kama Gungu na Mwandiga, wala si mahali pa daraja la kuunganisha mikoa; ni ya aina ya tatu, na ndiyo maana nimeichukulia muda. Nimesimama pale kivukoni asubuhi, pantoni ikiwa upande wa pili. Foleni yenyewe ilinieleza nilichotaka kujua: madumu ya njano ya mawese yamefungwa mdomo kwa nailoni, viroba vya dagaa, pikipiki yenye mabunda ya mihogo, akina mama wawili wenye kuku, mwalimu mmoja mwenye begi. Karibu wote walikuwa na mzigo. Watu wa Sunuka, Sigunga na Kalya wanavuka kwenda kuuza au kununua, na akivuka leo hatarajii kuvuka tena kesho. Kukiwa na daraja, safari hizo zitakuwa za haraka na za bei nafuu zaidi, na mizigo itaongezeka sana. Lakini mizigo inazaa soko, maghala, mashine za kukamua, gereji na gesti. Haizai mitaa ya watu wanaofanya kazi mjini Kigoma. Ilagala yenye daraja itakuwa mji wa biashara, na mji wa biashara una thamani yake. Ila kiwanja chake kizuri hakifanani na kiwanja cha nyumba ya kulala.

Ndiyo sababu nakusihi usiuze michikichi. Shemeji anakuambia utoe kitu kinachozaa, ununue kitu kinachosubiri. Mchikichi uliokomaa unakupa ngazi, yaani matunda ya kukamulia mawese, mwaka hadi mwaka, na daraja likija mawese yako ndiyo yatakayokuwa ya kwanza kufaidi, kwa sababu lori litafika shambani lisikae foleni. Ekari tatu za michikichi karibu na barabara ya Simbo–Ilagala–Kalya ni mali inayopanda bei yenyewe ukiwa bado unakamua.

Ninachokuomba ufanye ni kuihalalisha. Kama lile shamba liko kwenye ardhi ya kijiji na baba alilimiliki kwa desturi, anza na mirathi iwe safi kwa maandishi, ndugu zako wote wakubali, kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji uombe hati ya hakimiliki ya kimila. Mipaka ipimwe majirani wakiwepo. Siku barabara au daraja likikuchukulia kipande, fidia inamfuata anayejulikana kuwa mmiliki, na michikichi iliyohesabiwa inalipwa kama mazao. Maneno ya "baba alikuwa analima hapa" yanakuchelewesha. Kipande cha mbele kinachoelekea barabara, ng'ambo ya hifadhi, usikipande miti mipya. Kiache wazi. Hapo ndipo pa ghala lako au mashine yako.

Dalali akija na viwanja vya ukingoni, mwambie akupeleke kwenye serikali ya kijiji, na uombe kuona muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioridhia ugawaji huo. Ardhi ya kijiji haigawiwi na mtu mmoja mwenye muhuri, hata awe mwenyekiti. Asipotaka kwenda huko, umeshapata jibu. Na kama una akiba ya kununua kiwanja cha nyumba kwa ajili ya watoto, kitafute upande wa Mwandiga au kuelekea Simbo, mahali palipopimwa, penye maji, ambapo mtu anafika mjini kwa mchomoko, zile gari ndogo za abiria, na kurudi jioni.

Jambo moja la mwisho unaweza kulifanya mwenyewe bila kumlipa mtaalamu. Chagua siku ya kawaida, isiyo ya gulio wala sikukuu, ukakae kivukoni kuanzia pantoni ya kwanza hadi ya mwisho. Hesabu wanaovuka asubuhi bila mzigo wakarudi jioni, na hesabu kando wanaovuka na mzigo. Andika nambari zote mbili kwenye lile daftari lako la mawese, kisha rudi tena wakati wa masika, matope yakiwa magotini, uhesabu upya.